Uloto na Ubongo wa Mtoto katika Ukanda wa Dhahabu

Katika miaka ya 1950, wakati mgodi wa Geita ulipokuwa ungali ukitoa dhahabu, na almasi za Mwadui alizozivumbua Williamson mwaka 1940 zikiipeleka habari ya Shinyanga hata masoko ya Ulaya, tabibu mmoja aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alikuwa akichunguza damu za watu wa Musoma, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Miongoni mwa watoto 287 walipatikana 9 waliorithi selimundu kwa baba na kwa mama, yaani takriban 3 katika kila 100. Miongoni mwa watu wazima 654 walipatikana 5 tu, ambao hawafiki mmoja katika 100. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni makaburi ya watoto. Walakini wataalamu wa ulimwengu waliistaajabia zaidi hoja aliyoitoa mwaka 1954, kwamba aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga ya malaria, kuliko kuuliza hao waliokosekana walikwenda wapi.

Wengi huchukuliwa na malaria, homa ya mapafu na upungufu wa damu. Wako pia wanaopigwa ubongoni: mishipa iendayo kichwani husongwa na kuwa myembamba, na mtoto aliyelala mzima huamka mkono umelegea na ulimi mzito. Pasipo tiba, kiasi cha mmoja katika kila 10 hupatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Haya ni maradhi ya damu, lakini dhara lake la ubongo ni la kurithiwa sawasawa na magonjwa yale adimu yanayoandikwa katika majarida ya ng'ambo, ila huku kwetu si adimu hata kidogo.

Huko ng'ambo, majaribio ya kupandikiza seli kwa ajili ya ubongo wa mtoto yalianza na maradhi ambayo mganga wa Kahama aweza kustaafu asiyatambue. Mwaka 1980, mjini London, Hobbs na wenzake walimpandikizia uloto mtoto mwenye ugonjwa wa Hurler. Na mwaka 1990 Aubourg wa Paris alieleza habari za mvulana mwenye adrenolukodistrofi, ambaye ugonjwa wake ulirudi nyuma baada ya tiba hiyo. Siri yake ni kwamba baadhi ya seli zitokazo katika uloto mpya huhamia ubongoni, zikafanya makazi humo na, kwa ugonjwa wa Hurler, kuleta kimeng'enya kilichokosekana. Lakini uhamiaji huo huchukua miezi mingi, na kwa sababu hiyo anayefaidika ni mtoto aliyetambuliwa mapema, ilhali aliyekwisha kupooza hapati ila kidogo. Kule Portland, Marekani, mwaka 2006, matabibu walishika njia ya moja kwa moja, wakatia seli shina za ubongo ndani ya vichwa vya watoto wenye ugonjwa wa Batten. Ilionekana kwamba jambo hilo lawezekana pasipo madhara makubwa, lakini kwamba laponya halikuthibitika.

Kwa selimundu njia ilifunguka kana kwamba kwa bahati, pale Memphis, mwaka 1984 ulipochapishwa mkasa wa binti aliyepandikizwa uloto kwa sababu ya saratani ya damu, na selimundu yake ikaondoka pamoja nayo. Mwaka 2019 Wafaransa walionyesha kwamba kwa watoto ambao damu yao yaenda kasi mno katika mishipa ya kichwa iliyosongwa, upandikizaji huishusha kasi hiyo zaidi kuliko kuongezewa damu kila mwezi. Na kwetu Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa wa saratani waliorudishiwa seli zao wenyewe. Kisha mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikishirikiana na matabibu wa Italia, ikawapandikizia watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao.

Hapo ndipo nasaba inapotia neno. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kulingana na mgonjwa kwa aina ya tishu, na hata akiwa amerithi selimundu upande mmoja aweza kutoa. Mzee wa Kisukuma mwenye wake watatu na watoto kumi na watano hudhani ameneemeka kwa watoaji, kumbe wa kutumainiwa ni wale wa tumbo moja. Aidha, dawa zinazofuta uloto wa zamani zaweza kumnyima mtoto uzazi, na nasaha hiyo haifai kutajwa kwa haraka mlangoni mwa wodi, hasa kwa watu ambao utajiri wao wa kwanza ni ukoo.

Madaktari wa Bugando, Mwanza, walipopima matone ya damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa kanda hii, Geita na Shinyanga zikiwemo, walikuta selimundu katika asilimia 1.2 na urithi wa upande mmoja katika mmoja kati ya watano. Hapo Bugando kasi ya damu kichwani hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na dawa ya haidroksiyurea hutolewa ili kuishusha. Kwa rai yangu, safari ya Dodoma yapasa kupitia kwanza kwenye kipimo hicho. Kwani kumpandikiza mtoto ambaye mishipa yake haikupata kuchunguzwa ni kumtwisha hatari kubwa pasipo kujua kama ndiye aliyekuwa akiihitaji zaidi, na kumwacha jirani yake wa Nyang'hwale, mwenye mishipa iliyosongwa, asubiri kiharusi.