Kutoka kung'oa hadi kuziba: tiba ya jino isiyohitaji umeme, iliyoanzia Tanzania

Muulize mtu yeyote pale Bahi, awe stendi, mnadani au kwenye majaruba ya mpunga, daktari wa meno kazi yake nini. Kuna uwezekano mkubwa jibu likawa neno moja tu: anang'oa. Ndivyo wengi wetu tulivyokua. Jino likianza kuuma unavumilia. Likizidi, unaweka karafuu. Likikunyima usingizi siku tatu mfululizo, ndipo unapanda gari kwenda Dodoma mjini, na unakwenda ukijua kabisa unachofuata.

Sasa nikikwambia kwamba jino lililotoboka linaweza kuzibwa bila mashine ya kuchonga, bila umeme, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, na mgonjwa akasimama anatabasamu, utaamini? Na nikiongeza kwamba njia hiyo, inayofundishwa leo kwenye vyuo vya udaktari wa meno duniani, ilianzia hapahapa Tanzania? Tulia kidogo tuifuatilie hadithi yake.

Ugogoni, kung'oa ni habari ya zamani

Bahi iko magharibi mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara ya kwenda Singida na kando ya reli ya kati. Kabla ya reli, ukanda huu wa Ugogo ulikuwa mapito ya misafara kati ya pwani na Ujiji. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita Ugogo pamoja na mwenzake John Speke. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton aliandika kuwa Wagogo walitambulika kwa alama mbili: masikio yaliyotobolewa na kuvutwa, na pengo la meno mawili ya mbele ya chini.

Usilisome pengo hilo kama ugonjwa. Meno yale yalikuwa mazima, yaliondolewa kwa makusudi, na pengo lilikuwa alama ya utu na utambulisho, kama ilivyokuwa kwa Wamasai na jamii nyingine za Afrika Mashariki. Ila angalia jambo moja: kwa vizazi vingi, mtu alipoguswa jino lake na mtu mwingine, liling'oka, na kazi yake ilikuwa kukaa kimya na kustahimili. Mila hiyo imefifia sana. Lile wazo la kustahimili bado tunalo.

Baadaye ikaja kung'oa kwa aina nyingine, ambako hakukuwa na heshima yoyote. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea katika sehemu nyingi za Tanzania imani ya "meno ya nailoni", ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga akipata homa au kuharisha, mtu anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye fizi, anasema huo ndio ugonjwa wenyewe. Kisha anauchimbua kwa kitu chenye ncha. Kumbe kile cheupe ni chonge la mtoto linalojiandaa kuota! Watoto walipoteza damu, walipata maambukizi, na wengine meno yao ya ukubwani yaliota yakiwa na kasoro. Kama una mtoto mchanga mwenye homa, mpeleke zahanati akatibiwe homa. Fizi ziache.

Kwa nini kliniki nazo zilikuwa zinang'oa tu

Hapa tuwe waungwana. Matabibu wa meno hawakung'oa kwa sababu walipenda.

Udaktari wa meno wa Ulaya na Marekani ulijengwa kuzunguka mashine. Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alipata hataza ya mashine ya kuchonga jino inayoendeshwa kwa mguu, mithili ya cherehani. Mwaka 1957 ikaingia sokoni mashine ya John Borden, inayozungushwa kwa hewa iliyobanwa, mizunguko laki kadhaa kwa dakika. Jino liliweza kuchongwa kwa muda mfupi sana. Lakini mashine hiyo inataka umeme, inataka pampu ya hewa, inataka maji safi ya bomba ya kupoza jino, na inataka fundi ikiharibika.

Ebu ipeleke sasa mashine hiyo kwenye kijiji cha Tanzania cha mwaka 1983. Umeme hakuna. Maji yanachotwa. Fedha za kigeni za kununulia vipuri ni za kutafuta kwa tochi. Koleo la kung'olea, kwa upande mwingine, linachemshwa kwenye sufuria na kazi inaendelea. Kwa hiyo mgonjwa mwenye tundu dogo na mgonjwa mwenye jipu walipata tiba ileile.

Miaka ya 1980: vipi kama tutaiacha mashine?

Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 1980, chini ya mpango wa huduma za msingi za kinywa za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikuwa wakitafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini. Swali lao lilikuwa rahisi: tukibaki na vifaa vya mkononi peke yake, tunaweza kuokoa jino?

Waliona kwamba inawezekana. Kifaa kimoja kinachofanana na kijishoka hupanua mdomo wa tundu. Kingine kinachofanana na kijiko kidogo hukwangua sehemu iliyooza na kulainika. Kisha tundu linazibwa. Mwanzoni walitumia simenti ya meno ya aina ya polikaboksileti, iliyokuwapo wakati ule. Baadaye ikachukuliwa simenti bora zaidi, glasi ayonoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Njia nzima ikajulikana kwa kifupi kama ART, yaani kuziba jino bila kumtia mgonjwa kiwewe.

Kwa mgonjwa mambo huenda hivi. Unalala, hata juu ya meza ya darasani ikibidi. Mwanga ni wa dirishani au wa tochi. Tabibu anaweka pamba pembeni mwa jino lisilowe mate. Unasikia kukwangua, kama mtu anayekwangua ukoko, ila hakuna mlio wa mashine. Anafuta tundu kwa pamba yenye maji, anachanganya unga na kimiminika, anajaza, kisha anakandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini ili simenti iingie kila kona. Unang'ata kupima kimo, anapunguza palipozidi. Usile kwa saa moja. Basi, umemaliza!

Kwa nini hakuumi sana?

Hapa ndipo sayansi inaponoga. Tabaka la nje la jino, enameli, halina neva, kwa hiyo ukilikata husikii maumivu. Chini yake kuna dentini, ambayo ina vijibomba vingi mno, vyembamba kuliko unywele, vilivyojaa majimaji na vinavyoelekea kwenye kiini cha jino kwenye neva. Katika miaka ya 1960 Msweden Martin Brännström alionyesha kwamba majimaji hayo yakisukumwa au kuvutwa ghafla, neva hushtuka. Ndiyo maana barafu inauma kwenye jino bovu.

Sasa ifikirie ile mashine: hewa inapuliza, maji baridi yanamwagika, chuma kinatoa joto na mtikisiko, na mara nyingi inakata hadi kwenye dentini nzima. Vyote hivyo vinayasukuma yale majimaji. Kifaa cha mkononi kinaondoa zaidi sehemu laini iliyokwisha kuoza, ambayo haina hisia kama dentini hai. Kikigonga pagumu, tabibu anasimama.

Utauliza: je, wadudu wakibaki chini? Swali zuri. Wazee husema jino "limeliwa na wadudu", na wako karibu na ukweli. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza kwamba bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayomung'unya jino. Ukiwafungia wachache chini ya kizibo kisichopitisha kitu, umewakatia chakula. Glasi ayonoma nayo hushikana na jino kikemia, na hutoa floridi kidogokidogo inayoliimarisha.

Dunia ikaichukua

Mwaka 1991 njia hii ilijaribiwa vijijini Thailand, na mwaka 1993 Zimbabwe. Kule Thailand, baada ya miaka mitatu, asilimia 71 ya vizibo vya upande mmoja wa jino la ukubwani vilikuwa bado viko imara. Kwa kazi iliyofanyika bila umeme, hayo hayakuwa matokeo ya kubeza, na vifaa vya kuzibia vimeboreshwa tangu hapo. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyokuwa na mada ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitambulisha ART kwa ulimwengu. Mwaka 2021 WHO iliingiza glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Leo hata madaktari wa miji yenye umeme wa uhakika huitumia, hasa kwa watoto na kwa watu wanaoogopa mashine. Kilichobuniwa kwa sababu ya ukata kimegeuka kuwa chaguo la wenye nacho.

Na kwetu je?

Watafiti wa Kitanzania, akiwemo Emil Kikwilu, waliifuatilia ART katika baadhi ya kliniki za meno za serikali baada ya watumishi kupewa mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Wagonjwa waliozibwa kwa njia hii karibu wote walisema wangekubali kuzibwa hivyo tena. Hebu rudia kuisoma sentensi hiyo ukikumbuka jinsi tunavyoizungumzia kliniki ya meno. Hata hivyo, tiba iliyoongoza kwenye kliniki hizo iliendelea kuwa kung'oa.

Sababu moja ni ugavi: simenti ikiisha stoo, ujuzi wa tabibu haumsaidii mgonjwa. Sababu nyingine ni sisi wenyewe. Tunafika tumechelewa. ART inafaa pale tundu halijafika kwenye kiini, na hufanya vizuri zaidi kwenye tundu dogo la upande mmoja. Jino likishaanza kupwita usiku, mara nyingi uozo umeshafika kwenye neva, na hapo unabaki na tiba ya mzizi, ambayo ni ghali, au koleo.

Na hata koleo si lile la kuhadithiwa. Ganzi ya lidokeini, iliyotengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943, huzuia neva kupeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo. Utahisi kusukumwa, lakini si maumivu makali. Ukiyasikia, sema, uongezewe ganzi. Kujikaza kiume hakuna tuzo pale.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa Bahi, Kigwe au Chipanga, usisubiri jino likulaze macho. Jiangalie kwenye kioo mwanga ukiwa mzuri. Ukiona doa jeusi lenye shimo, au chakula kinanasa mahali palepale kila siku, au maji baridi yanachoma upande mmoja, huo ndio wakati wa kwenda, kabla maumivu hayajaanza. Ukifika, usiseme "nimekuja kung'oa". Uliza hivi: "Daktari, hili linazibika?"

Tabibu anayesikia swali hilo kila siku atakuwa na sababu ya kuagiza simenti. Asiyelisikia ataendelea kuagiza ganzi na kunoa koleo.