Chumba Kisicho na Mlango

Kama uliwahi kupelekwa Gede kwa tripu ya shule, hii stori umeisikia, hata kama aliyekusimulia aliibadilisha kidogo. Jamaa mmoja aliingia magofuni jioni, akaokota kitu kidogo tu, sijui ushanga sijui kigae cha sahani, akakitia mfukoni. Usiku ule akasikia mtu anatembea juu ya paa. Usiku wa pili nyayo ziko ndani ya nyumba. Usiku wa tatu akaamka, akatazama ulipokuwa mlango, akaona ukuta mtupu. Majirani walipokuja asubuhi mlango ulikuwa wazi kabisa, jua linaingia hadi kitandani, naye yuko pale anapapasa ukuta akitafuta pa kutokea.

Mimi nilisimuliwa na binamu yangu kule Watamu, stima zimepotea, popo wanapita kwenye miembe. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya mji ule, nilishangaa kuona kwamba binamu hakuwa amebuni mengi. Karibu kila kitisho cha hiyo stori kimesimama juu ya kitu ambacho kilikuwepo kweli.

Anza na jamaa kurukwa na akili. Waswahili wa zamani walikuwa na kitu kinaitwa fingo. Ni kago la kufukiwa ardhini, mara nyingi ndani ya chungu, kulinda nyumba au mji. Inaaminiwa kwamba ukifukia fingo karibu na mlango, jini anakaa pale, na anayeingia kwa nia mbaya anachanganyikiwa. Vyungu vya namna hiyo vilifukuliwa Gede. Kwa hivyo kabla hatujaambiana sisi watoto kwamba nyumba zile zina wenyewe, waliojenga walishasema hivyo hivyo. Jini hakuhamia baada ya watu kuondoka. Alikuwa mlinzi. Aliachwa zamuni, basi.

Halafu chumba kisicho na mlango. Kipo. Katika baadhi ya nyumba kubwa za Gede utakuta chumba kidogo cha nyuma ambacho kuta zake nne hazina upenyo wowote wa mtu kupita. Mtoto akichungulia pale atawaza mambo mawili tu: jela au kaburi. Ukweli ni kwamba kilikuwa stoo ya vitu vya thamani. Uliingia kwa ngazi, kupitia kitundu kilichokuwa juu ukutani, na ukitaka mwizi asiingie unaondoa ngazi. Ni benki, kwa ufupi. Lakini paa likishaporomoka na ngazi ikaoza, kinachobaki ni chumba cha kuogofya.

Sasa sehemu inayonitia baridi mimi mtu mzima. Gede iko kama kilomita kumi na tano hivi kusini mwa Malindi. Vasco da Gama alifika Malindi 1498, na Wareno wakakaa kwa urafiki na mfalme wa pale karibu miaka mia moja, mpaka sheikh wa Malindi alipohamia Mombasa katika miaka ya 1590. Walikuwa watu wa kuandika: bei, mizigo, ugomvi, kila kitu. Na katika maandishi yao yanayojulikana, Gede haitajwi. Mji wenye msikiti mkubwa, jumba la kifalme, visima, vyoo na mabafu ya ndani, sahani kutoka China, uko safari ya miguu ya asubuhi moja, na hakuna anayesema neno. Hata jina Gede huaminiwa kuwa la Kioromo, la watu waliofika baadaye. Mji umepoteza mpaka jina.

Kimya hicho ndicho kilichowafurahisha waandishi wa kizungu. John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alifika 1884. Magofu yakatangazwa rasmi kuwa ya kihistoria 1927. Kisha 1948 akaja James Kirkman, mwanaakiolojia, akachimba kwa miaka kumi. Ndiye aliyetuletea mengi tunayoyajua, na heshima yake namwachia. Kirkman huyo huyo aliandika kwamba siku zake za kwanza pale alihisi kuna kitu nyuma ya kuta kinamtazama, si kwa uadui wala kwa urafiki, kinasubiri tu. Msomi mzima! Mstari huo umenukuliwa kwenye vitabu vya watalii mara zisizo na hesabu. Unaonukuliwa kidogo zaidi ni uamuzi wake mwingine: kitabu chake cha 1954 kiliuita Gede mji wa Waarabu. Hapo ndipo mzuka unapofanya kazi chafu. Ukishasema mji ni fumbo na wenyewe walitoweka, ni rahisi kusema walikuwa wageni, na wanaoishi jirani leo hawana cha kudai ila kuogopa. Wataalamu wa sasa wanausoma kama mji wa Waswahili, wa watu wa pwani hii hii. Wageni walikuwepo, ndiyo, kama wanavyokuwepo Mombasa leo.

Na kutoweka kwenyewe si kutoweka. Kiswahili kina neno zuri kuliko "magofu": mahame. Pahali palipohamwa. Neno linakwambia kwamba kuna watu walifunga mizigo. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: vita vya Wazimba mwishoni mwa miaka ya 1580, kuhama kwa wakuu wa Malindi, kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, maji ya visima kushuka. Mimi naegemea maji, kwa sababu ukiinama juu ya kile kisima kirefu karibu na msikiti mkuu unaelewa jinsi watu walivyokimbizana na maji kwenda chini. Vita unaweza kurudi baada yake. Kisima kikikauka unarudia nini?

Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani. Nyumba ya Makasi. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Sanduku la Pembe. Wapwa zangu wakitaka stori ya kutisha siku hizi, nawapeleka Nyumba ya Makasi na kuwaambia waanze na swali moja: mtu anayehama akiwa na nafasi ya kupanga vizuri, anaacha makasi? Yule mkubwa alijibu labda alidhani atarudi. Halafu wote wakanyamaza, jambo ambalo si la kawaida kwao.

Kuna kitu kingine huwa nawaonyesha. Gede ina kuta mbili za mji. Ule wa nje ndio wa zamani na unazunguka eneo kubwa. Wa ndani ulijengwa baadaye, karne ya 16, ukafunga sehemu ndogo tu ya katikati. Maana yake, kabla ya mwisho, mji ulijikunja. Kuna watu waliamka siku moja wakajikuta wako nje ya ukuta mpya.

Kati ya kuta hizo mbili ndiko walikokaa wengi, katika nyumba za udongo na makuti. Hizo hazikuacha chumba cha kuchungulia wala mlango wa kuzikia fingo. Leo pale kuna mizizi ya mibuyu, majani makavu na kima wanaoiba ndizi za wageni. Mwaka wa 2024 Gede iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, na wageni wanazidi kuja. Wanapita juu ya nyumba hizo za udongo wakiwa na simu mkononi, wakielekea jumba la kifalme kutafuta mzuka.