Kompyuta mpakato ya mitumba: ya kukagua kabla ya kumnunulia mwanafunzi wa chuo

Mwanafunzi anapojiunga na chuo kikuu nchini Uganda, kompyuta mpakato huwa miongoni mwa gharama nzito zinazomkabili mzazi baada ya karo na malazi. Wengi huelekea kwenye maduka yanayouza kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Bei yake ni nafuu, lakini mashine iliyochaguliwa vibaya huenda isimfikishe mwanafunzi mwaka wa mwisho wa masomo.

Umri wa kichakataji

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta yenye mfumo huo ingali inafanya kazi, ila kinga yake dhidi ya wadukuzi hupungua kadiri muda unavyopita. Windows 11 nayo haikubali rasmi vichakataji vya Intel Core vilivyo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa vichache mno.

Kizazi husomeka katika namba ya kichakataji: i5-7300U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8, na i5-10210U ni cha 10. Kibandiko cha "i7" pekee si hoja, kwani i7 ya kizazi cha 4 ni kongwe kuliko i5 ya kizazi cha 8. Hata kuiona Windows 11 ikiwaka dukani hakutoshi: mfumo huo unaweza kulazimishwa kwenye mashine isiyostahiki, na Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine kama hiyo.

Kumbukumbu na hifadhi

Kiwango cha chini cha Windows 11 ni RAM ya GB 4, lakini kwa masomo GB 8 ndizo zinazofaa. Hifadhi iwe ya SSD, si diski kuu ya kuzunguka, kwani SSD ina kasi zaidi na hustahimili mitikisiko ya safari.

Betri

Umeme unapokatika, betri ndiyo tegemeo. Mnunuzi afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo uliosalia. Ikiwa umebaki nusu, ni haki kuomba betri nyingine au kupunguziwa bei.

Somo lenyewe

Kabla ya kulipa, mwanafunzi aulize idara yake ni programu zipi zitakazotumika. Revit, SolidWorks na ArcGIS Pro zimetengenezwa kwa ajili ya Windows, hivyo MacBook ya bei ghali inaweza kumkwamisha mwanafunzi wa usanifu majengo au uhandisi. Fani hizo huhitaji pia RAM ya GB 16.

Kabla ya kuondoka dukani

Mnunuzi azime na kuwasha mashine ili kuhakikisha haidai nenosiri la mmiliki wa awali, na akague mpangilio wa herufi za kibodi, kwa kuwa ule wa Ufaransa na wa Ujerumani ni tofauti na wa Kiingereza. Stakabadhi iandikwe namba ya utambulisho ya mashine na muda wa dhamana. Ni ushahidi iwapo mashine itaharibika au itadaiwa kuwa ya wizi.

Familia isiyomudu kizazi cha 8 bado ina njia. Mashine kongwe yenye mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu, hupata masasisho bila malipo, na LibreOffice hutosha kwa kuandika insha na ripoti.