Nani Amelala Kwako? Kanuni za Kulaza Wageni Mitaani Kigali tangu 1907

Mwezi wa Septemba 2025, Kigali ilipokuwa ikijiandaa kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, mama yangu mdogo alipaka rangi vyumba viwili vya uani kwetu Biryogo. Akanunua mashuka meupe, akapiga picha, akaziweka kwenye intaneti. Baada ya siku tatu alipata wageni wawili. Walipofika tu, mkuu wa mudugudu wetu naye akafika, na daftari lake mkononi. Hakuja kwa ubaya. Ni jirani, watoto wake nimesoma nao. Aliuliza mambo matatu: majina ya wageni na namba za pasipoti zao, siku watakayoondoka, na kama mama mdogo ana leseni ya kulaza watu. Mama mdogo aliogopa swali la tatu. Bibi yangu, aliyekuwa ameketi barazani, alisikia lile la kwanza, akainuka bila kusema neno na kuingia ndani.

Nilikuwa nikitafuta mada ya insha hii, na nadhani niliipata pale. Watu wa rika langu huzungumzia upangishaji wa muda mfupi kama jambo jipya lililoletwa na simu. Lakini swali la nani amelala nyumbani kwa nani, na nani anapaswa kulijua, lina umri sawa na mji wenyewe.

Kigali huhesabu miaka yake tangu 1907, mwaka ambao Mjerumani Richard Kandt aliteuliwa kuwa mwakilishi mkazi wa dola yake nchini Rwanda, akaanzisha kituo chake juu ya kilima cha Nyarugenge. Hapakuwa na mji hapo. Waliokuja pamoja naye na baada yake walikuwa askari, wapagazi, wapishi, wachuuzi wa nguo na chumvi, Waarabu, Wahindi, na watu wa pwani na wa Ujiji waliozungumza lugha hii ninayoiandikia. Kwa maneno mengine, mji ulianza kwa wageni kulazana. Mfanyabiashara aliyefika na msafara alitafuta mtu wa dini yake au wa lugha yake, akapewa chumba, akakaa wiki moja au mwaka mzima. Msikiti wa Al-Fatah ulioko Nyamirambo ni ukumbusho wa watu hao.

Wabelgiji waliingia mwaka 1916 wakati wa vita, wakabaki. Utawala wao ulishirikiana kwa karibu na wamisionari Wakatoliki, na haukuwaamini Waislamu. Waswahili, jina walilopewa Waislamu wote wa mjini hata wale waliozaliwa juu ya vilima vya Rwanda, walikusanywa katika eneo lao, Biryogo, lililoitwa kambi ya Waswahili. Kutoka humo kwenda kuishi au kutembea kwingine kulihitaji ruhusa. Bujumbura nako, ambako Wabelgiji hao hao walitawala, mtaa wa Buyenzi ulibaki na sura hiyo ya mtaa wa Waswahili. Hiyo ndiyo kanuni ya makazi ya zamani kabisa ninayoweza kuitaja kwa mtaa wetu. Haikujali nyumba inatumikaje, ina vyoo vingapi, wala kama kelele zinamsumbua jirani. Ilijali ni nani yuko wapi. Pengine ndiyo maana hadi leo katika Kinyarwanda mtu akiitwa Mswahili, si lazima iwe sifa. Mara nyingi wanamaanisha mjanja, mtu asiyeaminika. Huwa nalifikiria hilo kila ninapoingia darasani kusoma Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi.

Hata hivyo, kambi ile haikuzuia wageni. Nyumba nyingi za Biryogo zina umbo linalowafaa: vyumba vilivyopangwa mfululizo, ua katikati, bomba moja, jiko la pamoja. Chumba kimoja cha mwenye nyumba, kingine cha mwanawe, vingine vya kupangisha. Bibi anasema utotoni mwake hapakuwa na tofauti kubwa kati ya mpangaji na mgeni. Aliyekuwa na fedha alilipa, asiyekuwa nazo alileta mchele.

Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilikuwa na watu kama 6,000 tu. Ilichaguliwa kuwa mji mkuu kwa sababu iko katikati ya nchi, ingawa Butare ndiyo iliyokuwa na shule na sifa. Watu walianza kumiminika, na serikali haikufurahi. Chini ya Rais Habyarimana, aliyechukua madaraka mwaka 1973, mtu hakuweza kuhamia Kigali kwa kupenda tu. Alihitaji kibali cha ukazi, na kibali kilifuata kazi. Mapema katika miaka ya 1980 wasichana wasioolewa waliokuwa wakiishi mjini walikamatwa kwa madai ya uzururaji. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyempokea binti wa kaka yake kutoka kijijini alikuwa anavunja sheria, hata kama binti mwenyewe alidhani amekuja tu kumsaidia shangazi kulea.

Aliyesimamia mambo hayo mtaani aliitwa nyumbakumi. Neno ni letu, la Kiswahili, na linafanana na mfumo wa mashina ya nyumba kumi ambao TANU iliujenga Tanzania miaka ya 1960. Kenya nayo ililifufua jina hilo mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Kule Tanzania balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa chama, msuluhishi wa ugomvi wa mume na mke, mpeleka habari juu na chini. Kwetu alikuwa pia macho. Alijua ni mlango gani umefunguliwa usiku.

Usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5 Oktoba 1990, siku chache baada ya RPF kuvuka mpaka kutoka Uganda, risasi zililia Kigali usiku kucha. Serikali ilisema mji umevamiwa. Watafiti wengi waliochunguza baadaye wanasema lilikuwa igizo la serikali yenyewe. Asubuhi ukamataji ulianza. Maelfu ya watu, wengi wao Watutsi na wapinzani wa serikali, walichukuliwa majumbani, na wengi wakarundikwa katika uwanja wa michezo wa Nyamirambo, ule ambao tangu 2023 unaitwa Uwanja wa Pelé. Wengine walikaa kizuizini kwa miezi bila kesi, na walianza kuachiwa kwa wingi mwaka uliofuata.

Wiki ile kwa bibi alikuwa amelala mpwa wake, mchuuzi wa vitenge kutoka Bujumbura. Alikuwa ameandikishwa kwa nyumbakumi, kama ilivyotakiwa. Bibi ndiye aliyempeleka kuandikishwa, kwa kuwa alitaka kufuata sheria. Wanaume waliokuja kumchukua walikuwa na jina lake kwenye karatasi. Alirudi mwezi Aprili, amekonda, na hakulala tena Kigali maisha yake yote.

Bibi hasemi zaidi ya hapo kuhusu 1990. Kuhusu 1994 hasemi kabisa, nami sikumwuliza. Ninachoandika nimekitoa vitabuni: kwamba katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vitambulisho vilivyotaja kabila na orodha za nani anaishi wapi vilikuwa silaha sawasawa na panga, kwamba viongozi wa chini, nyumbakumi wakiwamo, walitumiwa kutafuta waliojificha, na kwamba Biryogo ni miongoni mwa mitaa ambako baadhi ya Waislamu waliwaficha watu darini na misikitini. Aliyeficha watu alivunja kanuni moja tu, ile ya kusema nani amelala kwake.

Baada ya vita, wageni wa aina nyingine walikuja. Wakimbizi wa zamani walirudi kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo. Mashirika ya misaada yalikodi nyumba nzima Kiyovu na Kimihurura, tena kwa dola. Vitambulisho vipya havikutaja kabila tena. Nyumbakumi akatoweka katika muundo wa serikali, nafasi yake ikachukuliwa na mudugudu, na chini ya mudugudu likaja isibo, kundi dogo la kaya jirani. Ila daftari halikutoweka. Mwaka 2010, guruneti ziliporushwa katika sehemu kadhaa za mji, kuandikisha wageni kulikazwa tena, na watu wengi waliona ni haki. Hata mimi, nikiwa mkweli, nikisikia yaliyotokea Nairobi Januari 2024, ambako wanawake wawili waliuawa ndani ya nyumba za kupangisha za muda mfupi na serikali ya Kenya ikatangaza kwamba nyumba hizo zisajiliwe, naona kwamba mtu fulani anapaswa kujua nani yuko nyuma ya mlango.

Kanuni za leo ni nyingi, na mama mdogo alizijifunza kwa wiki moja kwa uchungu. Sheria ya utalii ya mwaka 2014 inataka kila anayelaza wageni kwa malipo awe na leseni ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Si ya mchezo: Julai 2025 hoteli moja maarufu ya Karongi ilifungwa kwa kufanya kazi bila leseni. Kisha kuna mpango mkuu wa mji, uliopitishwa 2013 na kurekebishwa 2020, unaogawa ardhi kati ya makazi, biashara na mengineyo. Kubadili matumizi ya nyumba ni jambo la kuombewa kibali. Miaka kama kumi iliyopita ofisi na kampuni zilizokuwa ndani ya nyumba za makazi ziliamriwa zihamie kwenye majengo ya biashara. Wenye nyumba walipoteza wapangaji, na baadhi yao ndio walioanza kugeuza vyumba kuwa vya wageni wa siku chache. Huku ndiko kunakonichekesha kidogo: amri moja ilisafisha mitaa dhidi ya biashara, ikazaa biashara nyingine ndani ya vyumba vya kulala.

Kodi nayo ina milango miwili. Ukipangisha kwa mwezi, sheria inakutoza kodi ya pango inayokwenda kwa serikali za mitaa. Ukilaza wageni kwa usiku, wewe ni mfanyabiashara: unatoa risiti za mashine ya kielektroniki, mauzo yakizidi faranga milioni 20 kwa mwaka unalipa VAT ya asilimia 18, na tangu Julai 2025 kuna ushuru wa utalii wa asilimia 3 juu ya malazi. Mwenye nyumba ya vyumba kumi na viwili kule Nyarutarama huajiri mhasibu. Mwenye vyumba viwili Biryogo ana mpwa wake anayesoma Kiswahili chuoni.

Maoni yangu ni kwamba tumechanganya vitu viwili visivyo ndugu. Leseni na kodi zinauliza kuhusu usafi, moto, fedha na amani ya jirani. Haya ni maswali ya haki, ila yameandikwa kwa kipimo cha hoteli. Miji mingine hutenganisha: New York tangu Septemba 2023 inamtaka mwenye nyumba anayepokea watu kwa muda mfupi ajisajili, aishi humo mwenyewe, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Unaweza kuiona ni kali, lakini angalau mtu wa vyumba viwili anajijua yuko wapi. Kwetu, mtu kama mama mdogo anatafuta nafasi yake ndani ya kanuni zilizotungiwa majengo yenye lifti.

Daftari ni jambo tofauti. Tangu Oktoba 2021 Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na mtu awe na haki ya kujua kilichoandikwa juu yake. Ni sheria nzuri. Kampuni za simu na benki zinaihangaikia. Sijaona mtu akiitaja mbele ya daftari la karatasi lenye jalada la buluu, linalokaa juu ya kabati sebuleni kwa jirani yetu, lenye namba za pasipoti za watu ambao huenda hawatarudi tena Kigali. Sisemi lifutwe. Nasema historia ya mtaa huu inatupa sababu ya kuuliza daftari hilo litakuwa wapi miaka ishirini ijayo, na mikononi mwa nani.

Mashindano yalikwenda vizuri. Shule zilifungwa, barabara zilifungwa, na Jumapili ya tarehe 28 tulipanda hadi karibu na Kwa Mutwe kuwatazama wanaume wakikipanda kilima kile cha mawe kama mbuzi. Wageni wetu walikula mandazi ya mama mdogo na kupiga picha katika ile barabara ya Biryogo iliyopakwa rangi na kufungiwa magari. Jumatatu waliondoka. Maombi ya leseni bado yanasubiri. Mama mdogo amefunga vyumba hadi atakapojibiwa, na mashuka meupe yamekunjwa.

Jioni ile mkuu wa mudugudu alipita kuhakikisha kwamba wameondoka. Bibi alimkaribisha chai, akamwomba aone ukurasa wao. Alisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole, kisha akamwuliza kama sasa majina yatafutwa. Mkuu wa mudugudu alimjibu kwa heshima kwamba hapana, mama, hakuna kinachofutwa. Daftari likijaa hupelekwa ofisini, naye hupewa jingine jipya.