Jinsi Jibini Ilivyoingia Ndani ya Bekoni

Kabla ya jibini palikuwa na chaza. Katika nyumba za wenye nacho za Uingereza, enzi za Malkia Victoria, mlo mkubwa wa usiku haukuishia kwenye kitindamlo. Baada ya pudini kililetwa kitu kidogo cha chumvi, cha kusafisha ulimi kabla ya divai ya mwisho. Kimoja kati ya vitu hivyo kilipewa jina la mzaha, "malaika juu ya farasi": chaza aliyeviringishwa kwa utepe wa bekoni, akachomwa, akawekwa juu ya kipande cha mkate wa kubanika. Kimo katika toleo la 1888 la kitabu maarufu cha mapishi na unyumba chenye jina la Bi. Isabella Beeton, ambaye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki tangu 1865. Mahali pa chaza palipowekwa plamu kavu, malaika aligeuka shetani.

Kwa hiyo kitafunwa ambacho leo huwapokea wageni kwenye tafrija kilianza kazi yake kikiwaaga. Kilichokihamisha kutoka mwisho wa karamu hadi mwanzo wake si mpishi. Ni viwanda, matangazo ya biashara, na sheria moja ya pombe.

Tuanze na bekoni. Nguruwe wa Ireland walikuwa wakishushwa Bristol na kuswagwa kwa miguu kuelekea London, wakipitia mji mdogo wa Calne, ambako ukoo wa Harris ulikuwa na biashara ya nyama. Zamani, kuchinja na kutia chumvi zilikuwa kazi za majira ya baridi tu, na nyama ililowekwa chumvi nyingi ili isioze. George Harris alikwenda Marekani miaka ya 1840, akaona barafu inavyotumika kuhifadhi nyama, akarudi na wazo hilo. Kufikia 1864 ukoo wake ulikuwa na hataza ya njia hiyo, na bekoni isiyo kali kwa chumvi ikawa inatengenezwa mwaka mzima.

Hata hivyo, bekoni inayofaa kuviringisha vitu ni ile ya Kimarekani, ya nyama ya tumbo, yenye mistari ya mafuta na mnofu. Ile ya mgongoni wanayoipenda Waingereza ni pana na haina mafuta ya kutosha, nayo hukakamaa kabla haijashikana. Mwaka 1924 kampuni ya Oscar Mayer ya Chicago, iliyoanzishwa na mhamiaji kutoka Ujerumani, ilianza kuuza bekoni iliyokwisha kukatwa na kufungwa kwenye pakiti. Linaonekana jambo dogo. Lakini mwanamke wa mjini aliyekuwa akinunua pande zima na kuhangaika na kisu sasa alipata vipande vyembamba vya unene mmoja, na unene mmoja ndio siri ya kitafunwa hiki. Kipande kikiwa kinene upande mmoja, upande mwingine unaungua huku ule haujaiva.

Miaka hiyohiyo alitokea Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud na bingwa wa kuwashawishi watu bila wao kujua. Kampuni ya Beech-Nut ilimwajiri ili bekoni yake inunuliwe zaidi. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakutangaza bekoni hata kidogo. Alimwomba daktari awaulize madaktari wenzake 5,000 kama kifungua kinywa kizito ni bora kwa afya kuliko chepesi. Wapatao 4,500 walijibu kwamba kizito ni bora, magazeti yakachapisha habari hiyo kama ushauri wa kitabibu, na kando yake zikatajwa bekoni na mayai. Madaktari hawakuwa wamesema neno lolote juu ya nguruwe. Nakiri ujanja huo unanichukiza na kunichekesha kwa pamoja.

Hata kijiti cha meno kina historia ya namna hiyo. Charles Forster wa Boston aliviona vijiti vikiuzwa Brazil, akajenga biashara ya kuvitengeneza kwa mashine, na kazi hiyo baadaye ikakita mizizi Strong, jimbo la Maine. Tatizo lilikuwa moja: Mmarekani aliyetaka kijiti alikichonga mwenyewe bure. Inasimuliwa kwamba Forster aliwalipa vijana waende kula mikahawani, kisha waulize vijiti kwa sauti na kulalamika vikikosekana. Bila kijiti hicho cha bei ya bure, bekoni ingekunjuka tu ndani ya oveni.

Kilichobaki ni tafrija yenyewe. Mwezi Mei 1917, Bi. Julius Walsh wa St. Louis aliwaalika wageni hamsini hivi nyumbani kwake Jumapili adhuhuri kwa saa moja ya vinywaji tu, gazeti likaiandika kama jambo geni. Miaka mitatu baadaye Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima, kuanzia 1920 hadi 1933. Baa zilipofungwa, unywaji ulihamia sebuleni na kwenye vilabu vya siri. Wanawake, ambao baa za zamani hazikuwakaribisha, sasa walikuwa humo pamoja na waume zao. Pombe ya magendo ilikuwa kali, watu walikuwa wamesimama, mkono mmoja umeshika glasi. Chakula kilichohitajika kilikuwa cha mkono mmoja, cha kuliwa kwa mara mbili, chenye mafuta ya kutuliza tumbo na chumvi ya kuamsha kiu.

Marufuku ilipoondolewa, Ernest Gantt, aliyejiita Don the Beachcomber, alifungua baa Hollywood iliyopambwa kama kisiwa cha Pasifiki, pamoja na vinywaji vya ramu. Mwaka 1941, orodha ya chakula ya mkahawa wake wa Palm Springs ilikuwa na rumaki: ini la kuku na njugu-maji ya Kichina (water chestnut), vimelowekwa kwenye sosi ya soya, vikafungwa kwa bekoni na kuchomwa. Kilikuwa cha visiwani kwa jina tu. Yeyote aliyejua meza za Kiingereza angemtambua malaika yule wa zamani amevaa shada la maua. Wanajeshi waliporudi kutoka vita vya Pasifiki na kumbukumbu za visiwa, rumaki ilienea kwenye tafrija za nyumbani kotekote Marekani.

Mbona jibini ilichelewa? Kwa sababu inayeyuka. Bekoni inahitaji muda mrefu kwenye moto ili mafuta yake yatoke, na ndani ya muda huo jibini ya kawaida hutengana, mafuta huku, protini kule, ikamwagika sinia nzima. Dawa ilianzia Thun, Uswisi, mwaka 1911, ambako Walter Gerber na Fritz Stettler waligundua kwamba jibini ikipashwa moto pamoja na sodiamu sitreti inabaki laini bila kuachana. Walichokuwa wakitafuta hasa ni jibini itakayofika salama nchi za joto. James Kraft, mzaliwa wa Ontario aliyefanya biashara Chicago, alipata hataza ya jibini yake ya kusindika mwaka 1916, na jeshi la Marekani likanunua mikebe yake kwa wingi wakati wa Vita vya Kwanza. Wajuzi wa jibini wanaidharau hadi leo. Ndani ya bekoni, hata hivyo, inatii.

Mwaka 1956, huko Zell am See, Austria, mpishi Erich Berner aliipasua soseji, akatia jibini katikati, akaifunga kwa bekoni. Wenye maduka ya soseji Chicago nao wana yao, iliyojazwa jibini na kuviringishwa vivyo hivyo. Wapishi wa Texas walijaza jibini kwenye pilipili za jalapeño, wakazifunga, wakazichoma. Hispania wana tende na bekoni, mara nyingine na jibini ya mbuzi ndani. Tunda ambalo kwetu pwani hufungulia saumu, wao wameliweka mahali ambapo Mwislamu hawezi kuligusa.

Kwetu Kenya bekoni iliingia na walowezi. Uplands, kwenye reli karibu na Limuru, walijenga kiwanda cha bekoni mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa jibini na siagi walikuwa na chama chao cha ushirika wa maziwa, KCC, tangu 1925. Mzungu aliyewaalika jirani zake kwa vinywaji vya jioni hakulazimika kuagiza mengi ng'ambo. Waliochinja, kutia chumvi na kupakia ni Waafrika, kwa ujira wa kiwandani wa enzi hizo. Januari 1947 Mombasa ilisimama kwa mgomo mkubwa wa wafanyakazi, na chama chao kikaongozwa na Chege Kibachia. Mwezi Agosti serikali ilimkamata, ikampeleka kuishi uhamishoni Kabarnet. Septemba wafanyakazi wa Uplands waligoma, na miongoni mwa madai yao ni kuachiwa kwa Kibachia. Polisi walifyatua risasi. Watu watatu waliuawa. Katika historia ya Kenya, Uplands inatajwa zaidi kwa siku hiyo kuliko kwa bekoni.

Kiwanda hicho kilikuja kufa. Leo bekoni ya Kenya hutoka zaidi kwa Farmer's Choice, iliyoanza 1980, na jibini nzuri inatengenezwa palepale nyanda za Limuru. Tanzania, Njombe wanatengeneza jibini za Kiitaliano. Mpenzi wa kitimoto hahitaji kubembelezwa. Kwa meza yenye wageni mchanganyiko, bekoni ya ng'ombe ipo madukani, ila mafuta yake ni machache, hivyo ipakwe mafuta kidogo, ikae sahani yake peke yake, na isipikwe sinia moja na ya nguruwe.

Anayetaka kujaribu mwishoni mwa wiki achague halloumi, isiyoyeyuka, au akate mozzarella vipande vya ukubwa wa kidole gumba na kuvigandisha usiku kucha. Bekoni iwe nyembamba, ipitishwe kwanza kwenye kikaango dakika mbili tatu ili ianze kutoa mafuta ikiwa bado inakunjika. Izunguke kipande chote, na ncha pia zifunikwe, maana jibini hutorokea hapo. Vijiti vilowekwe maji visiungue. Oveni iwe nyuzi 200, mshono ukae chini, na ukiona povu la kwanza la jibini pembeni, toa. Waambie wageni wasubiri kidogo: jibini ikitoka motoni huunguza ulimi kuliko uji.