Majitu ya msituni: Nyayo nyingi, mzoga hakuna

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa zaidi ya karne moja methali hiyo imepimwa katika milima ya Himalaya, misitu ya Marekani Kaskazini na hata hapa Afrika, ambako watu wamesimulia habari za kiumbe mkubwa mfano wa nyani, mwenye manyoya mwili mzima na anayetembea kwa miguu miwili kama binadamu.

Nchini Nepal kiumbe huyo huitwa Yeti. Marekani hufahamika kwa jina la Bigfoot, yaani mguu mkubwa, na magharibi mwa Kanada humwita Sasquatch, neno lililotokana na lugha ya wenyeji wa asili wa British Columbia. Wachina wa milima ya Shennongjia, mkoani Hubei, humwita Yeren, mtu wa mwituni.

Majina ni mengi, walioapa kumwona ni wengi zaidi, na nyayo zilizopigwa picha hazihesabiki. Kilichokosekana hadi leo ni kitu kimoja tu: mwili. Hakuna mzoga, fuvu wala jino moja lililofikishwa maabara na kuthibitika kuwa la kiumbe huyo.

Pamoja na hayo, si busara kuzicheka simulizi zote za wakazi wa misituni. Gorila wa milimani naye alikuwa simulizi tu masikioni mwa wanasayansi wa Ulaya, hadi mwaka 1902.

Jina lililozaliwa gazetini

Mwaka 1921 Waingereza walituma msafara wa kuchunguza njia ya kuupanda Mlima Everest, chini ya uongozi wa Luteni Kanali Charles Howard-Bury. Wakiwa juu sana mlimani, walikuta alama za nyayo kwenye theluji. Howard-Bury mwenyewe aliamini kuwa zilikuwa za mbwa mwitu, lakini wapagazi walizitaja kuwa ni za kiumbe aitwaye "metoh-kangmi".

Msafara uliporejea, mwandishi wa gazeti la The Statesman la Calcutta, Henry Newman, alizungumza na wapagazi hao. Katika kulitafsiri jina walilomtajia, aliandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "mtu wa theluji achukizaye". Jina hilo lilivuma duniani kote.

Wachambuzi wa baadaye walieleza kwamba tafsiri ilikosewa, na kwamba sehemu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya "mtu-dubu". Iwapo ni hivyo, wapagazi walikuwa wamekwishasema jambo ambalo maabara zilikuja kulithibitisha miaka mingi baadaye.

Mwaka 1951 wapanda milima Eric Shipton na Michael Ward walipiga picha ya unyayo katika barafu ya Menlung, wakiwa wameweka shoka la barafu kando yake ili kuonyesha ukubwa. Picha hiyo iliwasha moto upya. Mwaka 1954 gazeti la Daily Mail la Uingereza liligharimia msafara mzima wa kumsaka Yeti, ambao haukumpata.

Msako ulishika kasi kiasi cha kuwekewa utaratibu. Waraka wa Ubalozi wa Marekani mjini Kathmandu wa Novemba 1959 ulieleza masharti ya Serikali ya Nepal: msafara ulipie kibali rupia 5,000, Yeti asiuawe isipokuwa kwa kujihami, na picha zote zikabidhiwe serikali.

Maabara yatoa jibu

Sir Edmund Hillary, ambaye pamoja na Tenzing Norgay alifika kileleni Everest mwaka 1953, aliongoza msafara mwingine mwaka 1960. Aliazima kutoka kijiji cha Khumjung kitu kilichotunzwa kwa heshima kama ngozi ya kichwa cha Yeti, akakipeleka kwa wataalamu wa Chicago, Paris na London. Ilibainika kuwa kilitengenezwa kwa ngozi ya serow, mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi.

Kidole kilichotoka katika monasteri ya Pangboche, nacho kikidaiwa kuwa cha Yeti, kilihifadhiwa London kwa miongo kadhaa. Mwaka 2011 kilipimwa vinasaba na kuonekana kuwa kidole cha binadamu.

Uchunguzi mpana zaidi ulichapishwa mwaka 2017 na timu ya Charlotte Lindqvist wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani. Walichunguza sampuli tisa za mifupa, meno, ngozi, nywele na kinyesi, zote zikisemekana kuwa za Yeti. Nane zilikuwa za dubu wa aina mbalimbali wa Asia. Moja ilikuwa ya mbwa.

Dubu huweza kusimama kwa miguu ya nyuma. Anapotembea, mguu wa nyuma huweza kukanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele, zikaonekana alama ndefu kama za mtu mkubwa. Jua likiyeyusha kingo za theluji, unyayo hupanuka maradufu.

Hata hivyo, uvumi haukufa. Aprili 2019 Jeshi la India lilitangaza kuwa wapanda milima wake wameona karibu na Mlima Makalu nyayo za Yeti zenye urefu wa sentimita 81 na upana wa sentimita 38. Tangazo hilo lilizua mzaha mkubwa ndani na nje ya India.

Miguu ya mbao

Huko Marekani, jina la Bigfoot lilienea mwaka 1958. Wafanyakazi waliokuwa wakichonga barabara eneo la Bluff Creek, California, walikuta nyayo kubwa kuzunguka mitambo yao. Dereva wa katapila, Jerry Crew, alichukua umbo la unyayo mmoja kwa plasta, wenye urefu wa takriban sentimita 41, akalipeleka katika gazeti la Humboldt Times. Habari hiyo ilisambaa nchi nzima.

Mwaka 2002 alifariki dunia Ray Wallace, aliyekuwa mkandarasi wa kazi hiyo. Familia yake ilijitokeza na kueleza kuwa nyayo zile zilikuwa utani wake, huku ikionyesha miguu ya mbao aliyoitumia.

Ni katika eneo hilohilo la Bluff Creek ambako Roger Patterson na Robert Gimlin walipiga filamu ya takriban dakika moja, Oktoba 20, 1967. Inaonyesha kiumbe mweusi akivuka kando ya kijito na kugeuka kuitazama kamera. Wapo wanaoiamini hadi leo, na wapo wanaosema ni mtu aliyevaa ngozi ya bandia. Filamu peke yake haiwezi kuumaliza ubishi huo.

Vyombo vya dola navyo viliingizwa. Nyaraka zilizowekwa wazi na FBI mwaka 2019 zinaonyesha kuwa miaka ya 1970 shirika hilo la upelelezi lilikubali kupima nywele zilizodaiwa kuwa za Bigfoot. Jibu lilikuwa kwamba ni za mnyama wa jamii ya kulungu.

Agosti 2008 wanaume wawili wa jimbo la Georgia walitangaza kuwa wana mzoga wa Bigfoot ndani ya jokofu. Barafu ilipoyeyuka, ndani mlikutwa vazi la mpira lenye manyoya.

Jitu lililowahi kuwapo

Asia iliwahi kuwa na nyani mkubwa kweli. Mwaka 1935 mtaalamu wa visukuku, Ralph von Koenigswald, aliona katika duka la dawa za asili huko Hong Kong jino kubwa lililouzwa kama "jino la joka". Lilikuwa la mnyama aliyempa jina la Gigantopithecus, anayekadiriwa kufikia urefu wa mita tatu.

Baadhi ya watu hudai kuwa Yeti ni mabaki ya kizazi hicho. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature unaonyesha kuwa alitoweka kati ya miaka 295,000 na 215,000 iliyopita, misitu ya kusini mwa China ilipobadilika naye akashindwa kubadilika nayo.

Afrika: Simulizi zilizothibitika

Barani Afrika mambo yalikwenda kinyume. Wazungu walisikia habari za nyani wakubwa mapema karne ya 17, kupitia simulizi za baharia Mwingereza Andrew Battell aliyeishi pwani ya Angola na Kongo. Ilipita karne mbili hadi mwaka 1847, Thomas Savage na Jeffries Wyman walipomtangaza gorila kwa kutumia mafuvu na mifupa kutoka Gabon.

Ilibaki zamu ya ndugu yake wa milimani. Oktoba 1902 Kapteni Robert von Beringe, ofisa wa jeshi la Wajerumani katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikuwa akiupanda Mlima Sabinyo, mahali ambapo leo Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinapakana. Aliona kundi la nyani wakubwa weusi, akawapiga risasi wawili. Mmoja alitolewa bondeni na mabaki yake kupelekwa Berlin, ambako mwaka 1903 Paul Matschie aliyapa jina la kisayansi lenye jina la ofisa huyo.

Kwa Wanyarwanda hapakuwa na ugunduzi wowote. Mnyama huyo wanamwita "ingagi" na walimjua tangu enzi za mababu.

Mfano mwingine ni wa kaskazini mwa Kongo. Kuanzia mwaka 1996 Karl Ammann, mpiga picha Mswisi aliyeishi Kenya, alifuatilia habari za nyani wakubwa karibu na mji wa Bili, ambao wenyeji walisema huua simba. Alipata fuvu lenye ukingo wa mfupa utosini kama la gorila, na viota vikubwa vilivyojengwa ardhini. Miaka ya mwanzo ya 2000 magazeti ya nje yaliandika kwa herufi kubwa kuhusu jitu jipya la Kongo.

Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa ni sokwe wa mashariki, jamii moja na wale wa Gombe na Mahale mkoani Kigoma, ingawa wana tabia zao za pekee. Jitu halikuwapo, ila viota na nyayo vilikuwa vya kweli.

Hapa Tanzania nako zimo simulizi. Mwaka 1937 Kapteni William Hichens aliandika katika jarida la Discovery kwamba, akiwa kazini Tanganyika kusaka simba, aliona viumbe wawili wadogo wenye manyoya ya kahawia wakitembea kwa miguu miwili, ambao wenyeji waliwaita agogwe. Hichens ndiye aliyehariri utenzi wa Al-Inkishafi na Diwani ya Muyaka. Neno lake lina uzito, lakini hakuleta unyoya wala mfupa, na tangu hapo hakuna aliyeleta.

Linganisha na kipunji. Wanyakyusa wa Rungwe waliwaambia watafiti kuwa msituni yupo kima mwenye haya kuliko wote. Kwa kuwa simulizi zao huchanganya wanyama halisi na wa kufikirika, watafiti walisita. Mwaka 2003 timu ya Tim Davenport wa shirika la uhifadhi la WCS ilimwona katika Mlima Rungwe, na mwaka uliofuata watafiti wengine walimwona Udzungwa.

Alitangazwa mwaka 2005 kwa ushahidi wa picha. Mwaka huohuo kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima, na mzoga wake ndio uliowezesha vipimo vilivyomweka katika jenasi yake mwenyewe mwaka 2006. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Afrika kupata jenasi mpya ya kima baada ya miaka 83.

Tofauti iko wapi?

Mnyama hawezi kuishi peke yake kwa karne nyingi. Ili kizazi kisikatike, lazima wawepo mamia. Mamia hula, hutoa kinyesi, huumwa na kufa. Barabara za Marekani hugonga dubu na hata puma, mnyama adimu, lakini hazijawahi kugonga Bigfoot. Kamera zinazotegwa milimani Himalaya zimemnasa chui wa theluji, asiyeonekana kwa urahisi, lakini hazijamnasa Yeti.

Gorila, sokwe wa Bili na kipunji walipotafutwa kwa makini, ushahidi uliongezeka. Yeti na Bigfoot kila walipotafutwa kwa makini, ushahidi uliokuwapo ulipungua.

Wakati fedha zikimwagwa kuwasaka majitu, wale wa kweli wamekaribia kutoweka. Hesabu ya mwaka 1981 ilionyesha kuwa gorila wa milimani waliobaki katika safu ya Virunga walikuwa 254 tu. Kutokana na ulinzi wa askari, matibabu ya mifugo porini na mapato ya utalii, idadi yao pamoja na wale wa Bwindi, Uganda, ilitangazwa mwaka 2019 kuwa 1,063. Kipunji, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008, walikuwa wapatao 1,100, katika misitu inayomegwa kwa mkaa na mbao.

Lisemwalo lipo, basi, ila si lazima liwe vile lisemwavyo. Himalaya lilikuwapo dubu, Bluff Creek ilikuwapo miguu ya mbao, na Rungwe alikuwapo kima ambaye wazee walikuwa wakimtaja siku zote. Mzigo uliobaki ni kuhakikisha kipunji na gorila hawarudi kuwa simulizi, safari hii kwa sababu wamekwisha.