Miraa ya Eastleigh na Swali la Moyo wa Mtoaji

Mtaa wa Eastleigh, ambao Wanairobi wengi huutamka Isli, ulichukua sura yake mwanzoni mwa miaka ya 1920, ukawa makazi ya Wahindi na ya Wasomali wa ukoo wa Isaaq, ambao wengi wao walikuwa askari wastaafu na wafanyabiashara wa mifugo. Miraa, yaani vikonyo na majani machanga ya mti unaopandwa katika vilima vya Nyambene huko Meru, ilipata wanunuzi wa kudumu katika jamii hiyo. Baada ya serikali ya Siad Barre nchini Somalia kuanguka mnamo Januari 1991, wakimbizi walipofurika mtaani na nyumba ya wageni ya Garissa Lodge ikageuzwa kuwa maduka, biashara hiyo ilipanuka kupita kiasi ambacho wazee wa mtaa wangeweza kukikisia.

Ni biashara inayokimbizana na saa. Kiini cha nguvu ya miraa ni kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huanza kuharibika mara kikonyo kinapochumwa na kupungua sana baada ya siku mbili hivi, na ndiyo maana mafungu hufungwa kwa majani ya mgomba ili yasinyauke, yakapakiwa kwenye magari aina ya pikapu yanayoteremka kutoka mji wa Maua kwa mwendo unaowatisha watumiaji wengine wa barabara, mengine yakielekea Uwanja wa Ndege wa Wilson ili mzigo ufike Mogadishu siku hiyohiyo. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, soko la London lilifungwa, lakini vibanda vya Eastleigh, vinavyotambulika kwa majani ya mgomba yaliyotundikwa mbele, havikufungwa. Mteja humenya gome la kikonyo kwa meno, akalitafuna pamoja na jojo ili kupunguza uchungu, akalihifadhi shavuni kwa saa nyingi huku akishushia kwa soda au chai.

Watawala waliiangalia miraa kwa jicho moja tu, nalo ni jicho la nidhamu. Mnamo 1945 serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuidhibiti, iliyolenga zaidi wilaya za kaskazini, na mwaka huohuo J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, isiyo mbali na Eastleigh, aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kuhusu miraa kama chanzo cha wazimu. Huyu ndiye Carothers ambaye baadaye aliueleza uasi wa Mau Mau kana kwamba ulikuwa ugonjwa wa fikra za Waafrika, kwa hiyo msomaji wa leo ana haki ya kuyapokea maoni yake kwa tahadhari. Hata hivyo alama aliyoiacha ilidumu: kwa miongo mingi mjadala wa miraa nchini Kenya ulihusu akili, uvivu na ndoa zinazovunjika, wala si kifua cha mtafunaji.

Habari za moyo zilitoka Yemen. Kathinoni inafanana kimaumbile na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, nayo huongeza mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na kuibana mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Madaktari wa Yemen walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mnamo 2005, kwamba watafunaji wa kupindukia walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo, yaani kufa kwa sehemu ya msuli wa moyo kwa kukosa damu, na hapo awali walikuwa wamegundua kuwa kwa watafunaji mashambulio hayo huelekea kutokea mchana na jioni, wakati wa vikao vya kutafuna.

Hapo ndipo swali la mtoaji wa kiungo linapozuka: je, moyo wa mtafunaji miraa unafaa kupewa mgonjwa mwingine? Tangu Christiaan Barnard alipopandikiza moyo wa mtu kwa mara ya kwanza huko Cape Town mnamo Desemba 3, 1967, madaktari wamelazimika kuamua ni moyo upi unaofaa, tena upesi, kwa kuwa moyo uliotolewa na kuhifadhiwa kwenye barafu hustahimili takribani saa nne. Huko Marekani, ambako watoaji wa viungo waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya walipanda kutoka asilimia 1.1 ya watoaji wote mwaka 2000 hadi asilimia 13.4 mwaka 2017, rekodi za kitaifa zimeonyesha kwamba waliopokea mioyo ya watumiaji wa kokeini hawakufa mapema kuliko wengine. Sababu haiko mbali: mioyo hiyo ilikuwa imeshachujwa, ikapigwa picha za mawimbi ya sauti na mishipa yake kukaguliwa, na iliyoharibika ikaachwa. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba dawa hazina madhara. Yanaonyesha kwamba hali ya moyo wenyewe ni shahidi bora kuliko sifa ya mwenyewe.

Kenya bado haina mpango wa kupandikiza mioyo, ingawa Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kuusia viungo vyake. Kinachofanyika kwa kawaida ni upandikizaji wa figo, ambapo mtoaji huwa ndugu aliye hai, naye hupimwa shinikizo la damu kabla ya jambo lingine lolote kuamuliwa. Kwa ndugu kutoka Eastleigh aliyekesha akitafuna, kipimo cha asubuhi hiyo kinaweza kuwa cha juu kuliko hali yake halisi, na daktari asiyeuliza habari za miraa anaweza kumkataa mtoaji mzima au, akidhani ni miraa tu, kumpitisha mwenye ugonjwa.